Ajira za meli za kitalii: hivi kijana wa Karatu anauziwa nini hasa?

Leo naomba tuongelee mkwanja, kwa hiyo najua mtasoma mpaka mwisho.

Kila masika ikiingia hapa Karatu, magari ya watalii yakipungua kwenye barabara ya kwenda lango la Lodoare na loji zikianza kuwapa watu likizo bila malipo, kuna tangazo huwa linafufuka. Linapita WhatsApp, linapita Facebook, siku hizi na Telegram. Picha ya meli nyeupe kubwa kama mtaa mzima, halafu maneno: nafasi 500, uzoefu si lazima, mshahara dola 3,500 kwa mwezi, chakula na malazi bure, viza tunashughulikia sisi. Chini kuna namba ya simu na barua pepe ya gmail yenye jina la kampuni kubwa ya Marekani. Ingia kafe au steshenari yoyote hapa mjini wiki hiyo, utakuta vijana wamepanga foleni kuchapa CV na kuskani pasipoti za watu wengine ili waone inafananaje.

Jirani yetu mmoja mtaani alilipa. Simtaji. Alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye loji, kijana mchapakazi, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Kwanza aliombwa "ada ya fomu", ikafuata "ada ya daktari", mwisho "bima ya baharini". Pesa ya tatu ilitoka kwa baba yake, mauzo ya vitunguu vya Mang'ola. Alitumiwa mkataba wenye nembo na mhuri, akaupeleka kanisani ukaombewa. Siku ya kukwea pipa ilipofika namba haikupatikana tena. Nasema haya mapema ili mjue kwa nini mada hii naiandika kwa hasira kidogo, lakini sitaki kuishia kwenye hasira. Wengi wakilizwa wanasema "kazi za meli ni usanii mtupu". Hapo ndipo mimi nakataa. Kazi zipo. Usanii upo kwenye njia ya kuzipata, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na kazi zenyewe. Chukua meli moja tu, Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari na abiria Januari 2024. Ina vyumba 2,805, inaweza kubeba abiria hadi 7,600 hivi, na wafanyakazi wake ni kama 2,350. Hebu linganisha na loji zetu za kingo za kreta, ambazo baadhi ya kubwa zake zina vyumba 70 au 80. Yaani meli moja ni loji zaidi ya thelathini zimebebanishwa juu ya maji. Na katika watu hao 2,350, manahodha na mafundi wa injini ni wachache. Wengi ni wa upande wa hoteli: watandika vitanda, maweita, wapishi, waosha vyombo, watu wa baa, wafua nguo, walinzi. Kazi zilezile ambazo kijana wa Rhotia au Oldeani anazifanya akiwa amevaa sweta kwa sababu ya ukungu wa Ngorongoro.

Ndiyo maana nasema mtu wa Karatu si mgeni kwenye biashara hii, hata kama hajawahi kuona bahari. (Bahari yetu sisi ni Ziwa Eyasi, nalo kiangazi linajikausha linabaki chumvi.) Kampuni za meli kwa kawaida zinataka mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja au miwili kwenye hoteli ya hadhi ya nyota nne au tano, anayeongea Kiingereza, asiyechoka kutabasamu. Hiyo ni CV ya nusu ya vijana wanaoshuka kwenye magari ya wafanyakazi pale stendi mwisho wa mwezi. Tangazo linaloandika "uzoefu si lazima" linajiumbua lenyewe hapo hapo, maana meli inayolisha watu elfu saba kwa siku haina muda wa kukufundisha kubeba sahani tatu.

Sasa swali: kama sisi tuna uzoefu, kwa nini melini wamejaa Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, Wabongo unawahesabu kwa vidole? Wengine watasema ni bahati. Hapana bwana, ni serikali. Ufilipino waliunda wakala wa ajira za nje mwaka 1982, na mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kuwa na wizara nzima kwa ajili ya wafanyakazi walio nje. Mkataba wa baharia wao una kiwango kilichopangwa na serikali. Hata pesa ya kutuma nyumbani imewekewa utaratibu: asilimia 80 ya mshahara wa msingi lazima iende kwa familia. Ajenti asiye na leseni akishikwa anajuta. Kampuni ya meli ikitaka watu mia tatu inajua mlango wa kubisha. Ikija kwetu inabisha mlango gani? Kijana wa Karatu hajui, na ninavyoona kampuni nayo haijui, ndiyo maana tapeli amepata nafasi ya kusimama katikati.

Majirani zetu Kenya walijaribu kitu. Bandari College ya Mombasa ikageuzwa kuwa Bandari Maritime Academy, na mwaka 2019 wakabadilisha sheria yao ya meli ili kampuni ya serikali, Kenya National Shipping Line, iweze kushirikiana na MSC, ambao wana meli za makontena na za kitalii pia. Ajira za vijana kwenye meli za MSC zilikuwa sehemu kubwa ya hoja. Wafanyakazi wa bandari walipinga, wakiona wanauza kituo chao cha makontena ili wengine wapate kazi ya kubeba trei, na mimi siwezi kuwalaumu. Lakini angalau Kenya mjadala ulikuwa hadharani: tunatoa nini, tunapata nini. Na mamlaka yao ya bahari, KMA, ndiyo inayotoa leseni kwa maajenti wa mabaharia, mtu anaweza kuuliza jina fulani lipo au halipo. Sisi mjadala wetu uko kwenye magrupu ya WhatsApp, na anayeuongoza ni tapeli.

Halafu kuna hili la bendera, naomba nilitaje kwa haraka kwa sababu linachekesha na kuuma. Meli nyingi za kitalii kampuni ziko Miami au Ulaya, ila zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda. Kwa hiyo sheria za kazi zinazokuhusu zinafuata bendera, siyo ofisi inapokaa. Ndiyo maana kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakikuhusu hata kama meli inaondoka Miami kila Jumamosi. Na sisi nasi tumo kwenye biashara hiyo ya kukodisha bendera, kupitia Zanzibar. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipepea bendera ya Tanzania wakati wa vikwazo, na Januari 2018 serikali ikasimamisha usajili wa meli za nje baada ya baadhi kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Yaani bendera yetu imeshazunguka dunia nzima kwenye meli za watu ambao hawajui Karatu iko wapi, wakati kijana wa Karatu anatapeliwa akitafuta kazi ya kufua mashuka.

Turudi kwenye kitu cha maana, ambacho kila mtu anayesoma hapa anatakiwa akijue kama anavyojua namba yake ya simu. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia, MLC, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013. Kenya waliridhia 2014, Tanzania tukaridhia 2019. Na mkataba huo haumhusu nahodha peke yake, unamhusu kila aliyeajiriwa kufanya kazi yoyote ndani ya meli, muosha masufuria akiwemo. Humo imeandikwa kwamba ajenti haruhusiwi kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Gharama zinazoweza kukuangukia wewe ni tatu tu: cheti cha afya kinachotakiwa na sheria ya nchi yako, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya kusafiria ya namna hiyo. Viza ni ya mwenye meli. Sasa rudi kwenye orodha ya jirani yetu: ada ya fomu, ada ya daktari anayechaguliwa na ajenti na kulipwa kwa M-Pesa ya ajenti, bima ya baharini. Ukilijua hilo huhitaji kuwa mpelelezi. Swali ni moja tu, nani anapokea hiyo pesa? Pasipoti unalipa Uhamiaji, shilingi 150,000, unapewa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikwambia "nitumie mimi nitakulipia", ndugu yangu, hapo unaingizwa mjini.

Kuna na lile la viza. Baharia anayeenda kupanda meli kwenye bandari ya Marekani anahitaji viza inayoitwa C1/D, ambayo unaiomba ukiwa tayari una barua ya kazi kutoka kampuni ya meli, na mahojiano unaenda mwenyewe ubalozini Dar. Hakuna ajenti anayeweza "kuitoa" ofisini kwake. Akikwambia uende kwa viza ya matembezi halafu meli utaikuta huko huko, kimbia. Masharti ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa sana tangu mwaka 2025, na hata kabla ya hapo hiyo njia ilikuwa ya kurudishiwa uwanja wa ndege.

Haya, pesa. Hapa ndipo wengi wetu tunapofumba macho. Dola 3,500 kwa mwezi za kuosha vyombo, inawezekana? Tutumie rula. Shirika la Kazi Duniani linasimamia kikao kinachopanga mshahara wa msingi wa chini kwa baharia mwenye ujuzi wa sitaha, na kuanzia Januari 2026 ni dola 690 kwa mwezi. Huo ni wa baharia aliyesomea, na ni wa msingi, bado hajaweka saa za ziada. Haumhusu muosha vyombo wala weita moja kwa moja, lakini unakupa picha ya soko. Tangazo linamuahidi asiye na uzoefu mara tano ya hapo! Hata kwa wale wanaotengeneza hela nzuri melini, mara nyingi ni maweita na watu wa baa, sehemu kubwa ya kipato inatoka kwenye bahshishi za abiria, kwa hiyo inapanda na kushuka. Mtu wa loji analijua hili kuliko mimi.

Lakini msinielewe vibaya, hata kwa rula hiyo ya chini hesabu inavutia. Dola 690 ukiweka kwa shilingi 2,500 hivi ni kama 1,725,000. Mkataba ni miezi sita mpaka tisa, tuseme minane: 13,800,000. Kisha unarudi nyumbani miezi miwili hivi bila mshahara ukisubiri mkataba mwingine, kwa hiyo gawanya kwa miezi kumi, unapata 1,380,000 kwa mwezi. Kula na kulala ni juu ya meli, na tiketi ya kurudi mkataba ukiisha ni ya mwenye meli kwa mujibu wa MLC. Hapa Bongo amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi imepandisha wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, na huo ni wastani, kuna waliopo chini ya hapo. Mtu akiniambia eti vijana wana tamaa, namuonyesha namba hizi mbili namwambia akae chini ahesabu mwenyewe.

Bei yake nayo ipo. MLC inaruhusu kazi hadi saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Sijasema ndiyo kawaida ya kila siku, nasema ndiyo kikomo, na waliopo kwenye hoteli za baharini wanakikaribia. Jumapili haipo. Unalala chumba kimoja na mwenzako chini ya usawa wa maji, hakuna dirisha. Msiba ukitokea nyumbani uko katikati ya bahari ya Karibi, unatazama mazishi ya bibi kwenye simu kama intaneti ya wafanyakazi ikikubali. Kwetu sisi, ambako kuzika ni kazi ya ukoo mzima, hilo si jambo dogo. Nimemsikia mzee mmoja hapa akisema afadhali mtoto aendelee kulisha watalii Ngorongoro kwa laki tatu lakini jioni amuone. Namheshimu, ila hiyo laki tatu siku hizi haimtoshi hata yeye mzee.

Na wanaosema loji ni salama kuliko meli, tukumbushane mwaka 2020. Machi ile meli za kitalii zilisimamishwa dunia nzima. Wafanyakazi wakakwama humo ndani miezi, hawaruhusiwi kushuka bandarini, hakuna ndege ya kuwarudisha. Mwisho wa mwaka huo Shirika la Bahari la Kimataifa lilikadiria mabaharia 400,000 wa meli za kila aina wamekwama. Sawa, mbaya sana. Lakini Karatu palikuwaje? Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki sita na ishirini mwaka 2020. Loji zikafungwa, waongoza watalii wakawa bodaboda, waliojenga kwa mkopo wanajua wenyewe. Ni mtalii yule yule, wadau. Akikohoa kule, meli inasimama na Karatu inalala njaa. Anayehama kutoka loji kwenda melini hajakimbia hatari ya utalii, amepandishiwa mshahara tu wa kuishi nayo. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzuri ya kwenda, mradi uende ukijua.

Mnaouliza kwa nini mtu asilime, angalieni ramani. Mashamba ya Karatu yamegawanywa kwa watoto mpaka yamebaki vipande. Ukivuka lango, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kulima hairuhusiwi, na tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Lami ilipofika langoni miaka ya mwanzo ya 2000 ilituletea loji nyingi, na loji zimezalisha kizazi kinachojua kuhudumia wageni na hakina pengine pa kupeleka ujuzi huo. Watalii walipita milioni mbili mwaka 2024, lakini vijana wanaomaliza shule na sisi tunaongezeka.

Zamani vijana wa pwani walikuwa na neno: kuzamia. Unajificha kwenye meli Dar au Tanga, ukitokea Afrika Kusini au Ugiriki ni bahati yako. Kuna kitabu kilitoka 2016, cha mwandishi wa Afrika Kusini Sean Christie, kinahusu Wabongo wa namna hiyo waliokuwa wakiishi chini ya daraja Cape Town wakisubiri meli nyingine. Sisi wa bara hatukuwa na bandari ya kuzamia, kwa hiyo tumepata ya mtandaoni.

Kwa anayetaka kweli, njia ninayoiona ni hii. Usiache loji. Kaa hapo mpaka utimize miaka miwili na uondoke na barua ya mwajiri. Pasipoti kata mapema. Kozi za msingi za usalama baharini, zile za kuogelea na jaketi la kuokolea, kuzima moto na huduma ya kwanza, zinatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Kampuni nyingine hukufundisha zenyewe melini na nyingine zinataka uje nazo, kwa hiyo usikimbilie kulipa kabla hujajua unaomba wapi. Mabaharia wa Bara wanasimamiwa na TASAC, Zanzibar ni ZMA. Jina la ajenti waulize hao, na waulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Kisha ingia tovuti ya kampuni ya meli yenyewe, kwenye ukurasa wa ajira, wengi huorodhesha maajenti wanaowatambua nchi kwa nchi. Ajenti wako hayumo? Basi hayumo. Hata kama ofisi yake Arusha ina kiyoyozi. Na namba iliyokuomba pesa itume 15040, isimpate na mwingine.

Kuna jambo moja sijaona kiongozi analisema. Arusha tuna chuo cha hoteli cha VETA kule Njiro, tuna na tawi la Chuo cha Taifa cha Utalii. Wanafundisha jikoni, vyumba, mapokezi. Kuongeza kozi za usalama baharini kwa kushirikiana na DMI, mwanafunzi akamaliza na vyeti vyote viwili, inashindikana nini? Mbunge anayekuja kuomba kura Karatu au Ngorongoro aulizwe hilo, na aulizwe pia kama serikali imewahi kukaa meza moja na kampuni hata moja ya meli za kitalii, zile zile zinazoshusha wageni Zanzibar kwa msimu.

Jirani yetu amerudi kazini, loji nyingine. Kama kuna mdau aliyewahi kufanya kazi melini kihalali, atuwekee hapa alipitia ajenti gani na mkataba wake ulisemaje, hasa kipengele cha mshahara wa msingi na bahshishi. Jina lake afiche, hizo namba ndizo tunazozihitaji.